Mwendo na Uchovu kwa Wagonjwa wa Maltipo Sklerosisi: Kwa Nini Vipimwe Vyote Viwili

Mtu mwenye ugonjwa wa maltipo sklerosisi anaweza kuingia katika chumba cha daktari asubuhi akitembea bila fimbo, akajibu maswali yote kwa ufasaha na kuondoka akionekana mzima, ilhali ifikapo saa nane mchana hawezi kupanda ngazi za ofisi yake. Mwajiri humwona mvivu, na wakati mwingine hata ndugu humwona hivyo. Ni kwa sababu hiyo wataalamu wa mfumo wa neva husisitiza kuwa mwendo na uchovu wa mgonjwa vipimwe vyote viwili, kila kimoja kwa kipimo chake.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia utando wa myelini unaozunguka nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Utando huo hufanya kazi inayokaribiana na ya plastiki inayofunika waya wa umeme: ukiharibika, taarifa kutoka kwenye ubongo hucheleweshwa au hukatika kabla ya kufika kwenye misuli. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 1.8 duniani wanaishi na maradhi haya, wengi wao wakiwa wameyapata katika umri wa ujana, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Kipimo cha mwendo kinachotumika zaidi ni chepesi kuliko wengi wanavyodhani. Sakafuni huwekwa alama mbili zenye umbali wa futi 25 kati yake, yaani mita 7.62, na mgonjwa hutakiwa kutembea kwa kasi yote anayoimudu bila kuhatarisha usalama wake. Mpimaji huhesabu sekunde, zoezi hurudiwa mara moja, kisha wastani huandikwa. Anayetumia fimbo huruhusiwa kuitumia, mradi iandikwe. Muda ukibadilika kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kipimo kilichotangulia, mabadiliko hayo huchukuliwa kuwa ya kweli, si ya bahati tu. Hakuna mtambo unaohitajika. Saa, futi kamba na ukumbi usio na vikwazo vinatosha, jambo ambalo si dogo kwa hospitali zenye vifaa vichache.

Hata hivyo, umbali wa mita 7 na ushei hauwezi kufichua kinachotokea mtu anapotembea kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala. Kwa ajili hiyo hutumika kipimo cha dakika sita, ambapo mgonjwa hutembea ukumbini akienda na kurudi na umbali wote huhesabiwa. Mpimaji makini hulinganisha pia mita za dakika ya kwanza na za dakika ya sita. Wapo wagonjwa wanaoanza vizuri kabisa, kisha mguu mmoja ukaanza kuburuta kuanzia dakika ya nne. Wagonjwa hao wasingegundulika kwa kipimo kifupi.

Uchovu nao ni suala jingine, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kipimo cha ulemavu kilichochapishwa mwaka 1983 na daktari wa Marekani John Kurtzke, chenye alama 0 hadi 10, hutegemea sana umbali wa kutembea kuanzia alama ya 4 na kuendelea: alama ya 6 ni ya anayehitaji fimbo ili kutembea takriban mita 100. Uchovu una nafasi ndogo mno katika kipimo hicho. Mtu mwenye alama ya 2 anaweza kuwa ameacha kazi.

Kwa kuwa uchovu hauonekani kwa macho, hupimwa kwa dodoso. Mojawapo lina kauli tisa ambazo mgonjwa huzipa alama 1 hadi 7, na wastani wa 4 au zaidi huhesabiwa kuwa uchovu mzito. Jingine lina maswali 21 yanayogusa mwili, fikra na mahusiano katika wiki nne zilizopita. Madodoso haya yalitungwa kwa Kiingereza, na tafsiri ya haraka huweza kupotosha: mgonjwa anayesema amechoka, amenyong'onyea au mwili umelegea hasemi jambo lile lile. Aidha, alama kubwa haielezi chanzo. Upungufu wa damu, usingizi mbovu, sonona au dawa za kulegeza misuli huweza kuleta uchovu unaotibika, na vinapaswa kuchunguzwa kwanza.

Hali ya hewa pia ina nafasi yake. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi uoni wa baadhi ya wagonjwa ulivyofifia baada ya kazi ya mwili. Baadaye ilibainika kuwa ongezeko la joto la mwili ndilo sababu, na kwamba hali hurudi mwili unapopoa. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, kipimo cha saa mbili asubuhi na cha saa tisa alasiri mwezi Februari havilinganishwi. Ni vyema kila mgonjwa apimwe saa ile ile, na saa hiyo iandikwe kwenye faili.

Matokeo haya huamua tiba. Dawa ya fampridini, inayosaidia baadhi ya wagonjwa kutembea, hujaribiwa barani Ulaya kwa wiki mbili hadi nne. Mwendo hupimwa kabla na baada, na dawa husitishwa pasipo nafuu. Mwezi Julai 2023, WHO iliingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za maltipo sklerosisi katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Dawa hizo hupunguza mashambulizi ya ugonjwa, lakini haziondoi uchovu uliokwishaingia. Kwa huo, mgonjwa huhitaji mazoezi yanayopangwa na mtaalamu wa fiziotherapia, mapumziko yaliyogawanywa katika siku, na barua ya daktari inayomweleza mwajiri kwamba kazi nzito zipangwe asubuhi.