Akina Mama wa Mwisenge Kwenye Uwanja wa Gofu

Mama msomaji, ukisikia neno gofu unaona nini? Wengi wetu hapa Mwisenge tulikuwa tunaona mzee mwenye kofia nyeupe, gari limeegeshwa chini ya mti, na kijana mwembamba akimfuata nyuma na mkoba mzito wa fimbo. Mwanamke hatukumwona. Wala hatukujiona sisi, wenye magoti yanayolia na ambao daktari ametuambia zaidi ya mara moja: "Mama, tembea."

Ni neno hilo la daktari lililotutoa nyumbani. Katika kikundi chetu wengine wana presha, wengine sukari. Tulianza kutembea asubuhi kando ya ziwa, tukaacha baada ya wiki mbili. Sababu si uvivu. Mama akionekana njiani bila ndoo kichwani wala kikapu mkononi, kila mtu humwuliza anakwenda wapi. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye binti yake anafanya kazi Kampala, akasema kuna mchezo ambao kwa sehemu kubwa ni kutembea, na ukicheza mashimo yote 18 umetembea kilomita nane au zaidi, wala hakuna anayekuuliza.

Tulicheka. Hakucheka yule tunayemwita Bibi, mkubwa wetu kwa umri. Marehemu baba yake alibeba fimbo za wachezaji katika klabu moja ya wazungu huko Kenya kabla ya uhuru. Aliujua mchezo, aliwaelekeza waliomlipa wapige wapi, lakini yeye hakuruhusiwa kucheza. "Twendeni," Bibi akasema. "Nataka kuyaona hayo majani."

Sisi tunakaa jirani na shule ambayo mtoto Kambarage wa Butiama aliingia mwaka 1934, kwa hiyo tumezoea wageni wanaokuja kuangalia mahali pa kale. Safari hii wageni tulikuwa sisi. Tulichagua Entebbe, Uganda, kwa kuwa uwanja wake ulianza mwanzoni kabisa mwa karne ya 20 na unahesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote Afrika Mashariki. Tulikata pasi, tukachanja homa ya manjano, tukawaachia akina baba maagizo ya jikoni (mengine yalifuatwa), kisha tukapita Sirari, Kisii na Kisumu, tukavuka Busia.

Njia hiyo inalizunguka ziwa letu, na njiani utakutana na viwanja ambavyo mtu wa Musoma anavielewa haraka kuliko mtu wa Scotland. Kisumu, katika klabu ya Nyanza, karibu mwaka 1950 kulikuwa na sheria ya pale pale kwamba mpira ukitua karibu na kiboko au mamba, mchezaji anaweza kudondosha mwingine mahali pa salama bila adhabu. Jinja nako, ukiukuta mpira wako ndani ya unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuuokota na kuuweka pembeni. Wageni wa Ulaya huzisimulia sheria hizo kama vichekesho. Sisi ambao viboko hutulia mahindi usiku hatukuona cha kuchekesha. Tuliona watu wenye akili.

Entebbe ilikuwa makao ya serikali ya kikoloni tangu miaka ya 1890 hadi uhuru wa Uganda mwaka 1962. Maofisa walianzisha bustani ya mimea mwaka 1898, na miaka michache baadaye gofu. Uwanja unateremka kutoka mjini juu kuelekea ziwani, na miti yake ni mikubwa, ile ya kukaa chini yake na wajukuu. Tulikuwa tumepiga simu mapema kuomba ruhusa na kuuliza gharama, jambo ambalo tunakushauri sana, kwa maana uwanja wa gofu si bustani ya kupita tu. Mpira una uzito wa gramu zisizozidi 46, lakini ukikupiga kichwani utauguzwa.

Tulipelekwa mahali pa kujifunzia. Mkufunzi akatuonyesha namna ya kushika fimbo, nasi tukaishika kama mwiko wa ugali. Bibi alipopewa yake, vidole vyake vilikwenda vyenyewe: kidole kidogo cha mkono wa kulia kikalala juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mkufunzi akamtazama. "Mama, umecheza wapi?"

"Sijacheza," Bibi akajibu. "Baba alitufundisha nyuma ya nyumba kwa fimbo ya mpera."

Mara mbili alikosa mpira kabisa. Mara ya tatu uliruka, si mbali, labda hatua sitini, ukaenda umenyooka. Hakusema neno. Akaomba mwingine.

Tukikaa chini ya mti tulizungumza juu ya nani amekuwa akifungiwa nje ya majani haya, na jibu halikuwa Waafrika peke yao. Huko Scotland gofu ni ya zamani kiasi kwamba bunge liliipiga marufuku mwaka 1457 kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde. Lakini klabu ya St Andrews, yenye kujulikana kuliko zote, ilipiga kura ya kuwapokea wanawake mwaka 2014 tu. Augusta huko Marekani, ambako kila Aprili hufanyika mashindano makubwa ya kufungua majira yao ya kuchipua, ilipokea wanachama wanawake wa kwanza mwaka 2012. Kwetu Tanzania, wakati huo, wanawake walikuwa wanacheza. Madina Iddi wa Arusha ameshinda mashindano ya wazi ya wanawake ndani na nje ya nchi. Viwanja tunavyo: Arusha, Moshi, Morogoro, na Dar es Salaam kule Gymkhana na Lugalo.

Wazungu hungoja theluji iyeyuke ndipo watoe fimbo zao. Sisi hungoja masika yaishe. Mwezi Aprili majani ni marefu na mpira hupotea, ardhi imelowa na mpira hauviringiki, na radi kwenye uwanja wazi si ya kuchezea. Kwa hiyo tumepanga kurudi Juni, na matayarisho tumeyaanza nyumbani.

La kwanza ni miguu. Tunatembea nusu saa siku nne za wiki, sasa tukiwa wengi, na anayetuuliza tunakwenda wapi tunamjibu: gofu. La pili ni kiuno na mgongo, kwa sababu pigo la gofu hutoka katika kuzunguka kwa kiwiliwili, si katika nguvu ya mikono. Chukua mpini wa fagio, uweke mabegani nyuma ya shingo, ushike ncha zake, kisha zunguka polepole kulia na kushoto mara kumi. Mwenye presha apime kwanza na amwambie daktari anachokusudia.

Fimbo usikimbilie kununua. Sheria inaruhusu mchezaji abebe hadi 14, lakini anayejifunza anatosheka na mbili: fimbo namba saba ya chuma, na ile bapa ya kusukumia mpira shimoni. Zote mbili waweza kuazima. Shimo lina upana wa sentimita 10.8, karibu na kikombe kikubwa cha chai, kwa hiyo jioni tunalaza kikombe sebuleni na kusukuma mpira kwenye mkeka. Watoto wametushinda wote.

Juu ya mavazi, viwanja vingi hutaka blauzi au fulana yenye kola. Suruali si lazima, sketi ya heshima inakubalika, ila uliza kabla. Raba bapa, kofia, maji. Mwenzako akijiandaa kupiga, nyamaza na simama. Hili ndilo lililotushinda zaidi. Malipo ya mbeba fimbo kubalianeni kabla ya kuanza. Na kama anayekuja kukubebea ni mtoto wa shule siku ya masomo, beba mwenyewe. Mabingwa kadhaa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba fimbo, ni kweli, lakini wewe ni mama, unajua kitabu kilichoachwa nyumbani.

Mashindano mengi huwekwa mwisho wa wiki na huingia Jumapili. Sisi tutacheza Ijumaa, tena mashimo tisa tu. Bibi ameomba aanze asubuhi sana kabla ya jua, tukamkubalia, ila tumekubaliana na kutoka mapema kwenye viwanja vya kando ya maji, maana jua likishazama wenye majani yale hutoka ziwani kuja kula.