Kabla ya Kufunga Mfumo wa Gesi katika Gari: Mwongozo kwa Watumiaji wa Ngara na Biharamulo

Petroli na dizeli zinazouzwa Ngara na Biharamulo husafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini, na gharama ya safari hiyo huingia katika bei ya kila lita. Si ajabu, basi, kwamba wenye magari huvutiwa wanaposikia kuwa wenzao wa Dar es Salaam wanatumia gesi asilia iliyoshindiliwa, maarufu kwa jina la CNG, kwa gharama ndogo kuliko petroli. Ushauri wetu ni huu: kabla ya kuuliza bei ya kufunga mfumo huo, uliza gesi utaijaza wapi.

Mfumo huu hufanyaje kazi?

Gari halipotezi mfumo wake wa petroli. Huongezewa wa pili. Mtungi hufungwa nyuma ya gari na kuhifadhi gesi kwa shinikizo la takriban bar 200. Bomba la chuma huipeleka gesi mbele, kifaa cha kupunguza shinikizo huituliza, kisha injekta zake huiingiza katika injini. Kwa kawaida injini huwashwa kwa petroli, na ikishapata joto huhamia kwenye gesi. Gesi ikiisha, dereva huendelea kwa petroli.

Mfumo uliokusudiwa injini za petroli haufai kufungwa katika injini ya dizeli, mfano wa malori yanayopita Lusahunga kuelekea Rusumo na Kabanga. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha gesi, hivyo huhitaji teknolojia nyingine.

Gesi itatoka wapi?

Gesi asilia ya nchi yetu huchimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, na mabomba yake huifikisha Dar es Salaam. Mabomba hayo hayafiki Kagera. Bomba linalopita Biharamulo kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ni la mafuta ghafi. Haliwezi kujaza mtungi wa gari.

Tufanye hesabu. Mtungi wa lita 60 hubeba takriban kilo 10 za gesi, ambazo nguvu yake hulingana na lita 14 au 15 za petroli. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, likijazwa Dar es Salaam, litamaliza gesi hiyo baada ya kilomita 170 hivi, kabla ya kuingia Morogoro mjini. Likiwa halina mahali pengine pa kujaza njiani, litafika Ngara kwa petroli, likiwa limebeba mtungi mtupu ambao, ukiwa wa chuma, huweza kuzidi kilo 50.

Kwa hiyo mfumo huu humfaa mwenye gari linaloshinda karibu na kituo cha kujazia. Mwenye gari linaloshinda Nyakahura au Rulenge atalipa gharama ya kufunga bila kuirudisha.

Hatari ya njia ya mkato

Usikubali kamwe kuunganishiwa mtungi wa gesi ya kupikia katika gari. Gesi ya kupikia ni ya aina nyingine: huhifadhiwa ikiwa kimiminika, kwa shinikizo dogo zaidi, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni mwa gari, na cheche moja yaweza kuwaunguza waliomo. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kustahimili mitikisiko ya barabara, wala haufai kabisa kujazwa gesi asilia iliyoshindiliwa, ukilazimishwa, utapasuka.

Ukiamua kufunga

1. Nenda kwenye karakana inayotambuliwa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa zinazotoa huduma hii.
2. Omba hati ya mtungi inayoonyesha namba yake, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kupimwa tena.
3. Dai risiti ya kielektroniki na dhamana iliyoandikwa.
4. Shuhudia upimaji wa uvujaji kabla ya kuondoka.
5. Fundi akikataa kurekebisha kasoro, mwandikie malalamiko, kisha uyapeleke Tume ya Ushindani, inayolinda watumiaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Nafuu iliyo karibu

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Ngara na Biharamulo kila moja ina bei yake. Bei hizo hupatikana pia kwa kupiga *152*00#. Zilinganishe na bango la kituo kabla ya kujaza. Ukitozwa zaidi ya kikomo, tunza risiti na utoe taarifa: haki hiyo unayo leo, bila kufunga kifaa chochote.