Baba Aliye Mbali Naye Hulea

Askari halali nyumbani kila siku. Leo yuko kambini, kesho mpakani, keshokutwa yuko zamu ya usiku katika mji asioujua. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa malezi ni kazi ya akina mama peke yao, na kwamba baba akishaleta mshahara amemaliza wajibu wake. Sisi hatukubaliani na wazo hilo, na ushahidi wetu twautoa India.

Mwaka 1928 Indira, binti wa miaka kumi, alikuwa Mussoorie, mji wa milimani, na baba yake, Jawaharlal Nehru, alikuwa Allahabad, huko uwandani. Baba akamwandikia barua nyingi, akimweleza jinsi dunia ilivyoanza, na jinsi mawe na mimea isomwavyo kama kitabu. Mwaka 1929 barua hizo zilipigwa chapa.

Kisha Waingereza, waliokuwa wakiitawala India, wakamfunga Nehru kwa kuidai nchi yake uhuru. Mwezi Oktoba 1930, akiwa katika gereza la Naini, alimwandikia bintiye barua ya kumtakia heri ya kutimiza miaka 13. Zawadi ya dukani hakuwa nayo, akampa shauri. Alimwambia kwamba akiwa na mashaka juu ya jambo lo lote, asilitende kwa siri, wala asitende neno ambalo angetaka kulificha. Kwani atakaye kuficha ana hofu. Akamalizia kwa kumwombea akue awe askari shujaa katika utumishi wa India. Hata kufikia Agosti 1933, barua zilikuwa zimetimia 196.

Binti hakusahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwenyewe Waziri Mkuu, Bibi Indira Gandhi alizishukuru hadharani zile barua za kwanza, akisema kuwa ndizo zilizomfundisha kuwajali watu na kuutazama ulimwengu kwa makini, tangu mawe na wadudu hata nyota za usiku.

Hatusemi kwamba alilishika kila neno. Mwaka 1975 alitangaza hali ya hatari. Wapinzani wengi wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na magazeti yakazibwa midomo. Baba hupanda mbegu. Mavuno hayamo mikononi mwake. Lakini asiyepanda hana cha kungojea.

Ndugu askari na polisi, lipo jambo moja zaidi. Maneno ya Nehru yalikuwa na uzito kwa kuwa binti alijua baba yuko gerezani kwa ajili ya yale anayoyasema. Baba apokeaye kitu kidogo kwenye kizuizi cha barabara atawezaje kumwambia mwanawe asitende jambo la kuficha? Barua yake itasomwa, bali haitaaminiwa.

Siku hizi hapana haja ya kungoja posta. Simu ya mkononi imo mfukoni. Basi usimwulize binti yako alama za mtihani tu. Mweleze uliyoyaona kazini yanayofaa kuelezwa, mwulize anafikiri nini, na umsikilize mpaka amalize. Siku atakapokushukuru, huenda asiutaje hata mshahara wako. Atayataja maneno hayo.