Mashine ya kusafisha bunduki yaacha sumu majini

WAMILIKI wa bunduki walioidhinishwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, wawe wa katikati mwa Nairobi au Satellite, hawana budi kujihadhari na mashine zinazosafisha vyuma kwa mawimbi ya sauti.

Mashine hizo hutikisa maji yenye sabuni maalumu takriban mara 40,000 kwa sekunde. Viputo vidogo huzuka na kupasuka, vikibandua masizi ya baruti hata pasipofikiwa na brashi.

Kwanza, risasi zote ziondolewe; mbao na darubini zisitumbukizwe. Kwa kuwa mafuta nayo hubanduka, chuma kikaushwe na kupakwa mengine upesi, la sivyo kitashika kutu.

Maji yanayobaki huwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Yasimwagwe jikoni wala mtaroni.