Uadimu na Bei katika Santuri za Soul

Neno "adimu" linapotumiwa na wakusanyaji wa santuri za soul huko Uingereza, huchanganya mambo mawili: kitu kilicho haba, na kitu kinachosadikiwa kuwa haba. Mfano mashuhuri ni "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, iliyotengenezwa na kampuni ya Motown, Marekani, mwaka 1965. Nakala chache mno za mwaka ule zilisalia. Wachezeshaji muziki wa kaskazini mwa Uingereza nao walizoea kuficha lebo, wapinzani wasijue mwimbaji ni nani. Santuri hii ilichezwa kwa jina bandia la Eddie Foster. Siri ikazidisha hamu. Mwaka 1979 wimbo ulitolewa upya, hata mwenye kipato kidogo akaweza kuupata. Hata hivyo nakala ya 1965 haikupoteza thamani. Mwaka 2009 moja iliuzwa zaidi ya pauni 25,000, na mwaka 2020 pauni 100,000. Kinacholipiwa, basi, si sauti.

Kwa santuri nyingine uadimu ni dhana tu: sanduku moja likigunduliwa ghalani, bei huporomoka, na hasara humwangukia aliyenunua jana.