Moto una miezi yake

Wengi wetu tusikiapo kwamba Australia inaungua hudhani bara zima limewaka kwa pamoja. Sivyo. Nchi ile ni kubwa, na moto una miezi yake kila upande. Kaskazini, mvua hukoma Aprili, majani hukauka, na mioto mikali huzuka kati ya Agosti na Novemba. Kusini hatari huwa Desemba hadi Machi, miezi ambayo kwetu huvuma kaskazi. Tarehe 7 Februari, 2009, joto lilipopita digrii 46 mjini Melbourne, moto uliua watu 173 katika jimbo la Victoria.

La ajabu zaidi liko katikati, jangwani. Huko moto mkubwa haufuati ukame bali hufuata neema ya mvua, maana pasipo majani hapana cha kuungua. Ndivyo ilivyokuwa msimu wa 1974 na 1975, zilipoteketea hekta zipatazo milioni 117.

Lakini habari inayotugusa sisi watu wa visiwani ni ya Kangaroo Island. Mwisho wa Desemba 2019 radi iliwasha mwitu upande wa magharibi. Siku chache baadaye upepo uliusukuma moto ule kuelekea mashariki; watu wawili walikufa, na karibu nusu ya kisiwa ikateketea. Aliye bara hukimbilia wilaya ya pili. Aliye kisiwani, barabara humwishia pwani.

Nini basi kifanywe? Wenyeji wa asili wa Arnhem Land, kaskazini mwa nchi hiyo, wana jibu la tangu zama. Huchoma majani kidogo kidogo mwanzoni mwa kiangazi, umande ungali upo na moto hujifia wenyewe usiku. Moto mkali ujapo baadaye hukuta viraka vitupu. Tangu 2006 kazi hiyo huendeshwa kwa mpango maalumu, wazee na wataalamu wakishirikiana.

Hatusemi kila mtu achukue kiberiti. Miti na mvua zetu si zao, na wakulima wetu wa maweni wachomao vichaka kabla ya masika hufanya hivyo wakati wa ukavu. Tunachowaomba wakuu wa wilaya ni wakae na wakulima hao kabla kaskazi haijaanza kuvuma, wakubaliane siku za kuchoma na nani atalinda mpaka wa shamba. Amri ya kukataza moto mwaka mzima ni rahisi kuiandika, ila vichaka havisomi.