Ndoa za Miriam Makeba na Mkono wa Dola

Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini ambaye wengi katika Afrika Mashariki humkumbuka kwa kuuimba wimbo "Malaika", aliolewa mara tano, na kwa sababu hiyo waandishi wa habari za burudani wamezoea kuyasimulia maisha yake kana kwamba yalikuwa orodha ya waume. Usimulizi huo unapotosha, kwa kuwa ndoa zake haziwezi kueleweka bila kutazama jinsi dola, yaani mamlaka ya nchi pamoja na vyombo vyake vya usalama, ilivyoingilia mambo ya nyumbani kwake.

Ndoa ya kwanza aliifunga akiwa angali binti mdogo, na aliikimbia kwa sababu ya kipigo, akabaki na Bongi, mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa mwaka 1950. Ya pili, aliyofunga na mwimbaji Sonny Pillay mwaka 1959, ilikuwa fupi mno. Mwaka 1960 mama yake alifariki dunia, naye alipotaka kurudi kutoka Marekani kwa mazishi akakuta kwamba serikali ya makaburu imekwisha kufuta pasipoti yake, jambo lililomweka uhamishoni kwa takriban miaka 30. Alipoolewa na mpiga tarumbeta Hugh Masekela mwaka 1964, walikuwa Waafrika Kusini wawili walio ugenini Marekani, na miaka miwili baadaye wakaachana.

Ndoa iliyomgharimu zaidi ni ile ya mwaka 1968, alipoolewa na Stokely Carmichael, kijana mzaliwa wa Trinidad aliyeipa umaarufu kaulimbiu ya Nguvu ya Weusi, iliyowataka Wamarekani weusi wajitegemee kisiasa na kiuchumi badala ya kungojea hisani ya weupe. Tafrija ya harusi ilifanyika nyumbani kwa balozi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, ishara ya jinsi Afrika huru ilivyowahesabu kuwa watu wake. Marekani iliwaona vingine: maonyesho ya Makeba yalifutwa, mikataba ya kurekodi ikavunjwa, na wapelelezi wa FBI wakawa wanawafuatilia. Ajabu ni kwamba mwaka 1963 alikuwa ameushutumu ubaguzi wa rangi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa na Wamarekani wakaendelea kumshangilia. Kilichowaudhi ni mume aliyemchagua.

Wawili hao walihamia Guinea, ambako Rais Sékou Touré aliwapokea kwa heshima, na Carmichael akajiita Kwame Ture, jina lililowaenzi Kwame Nkrumah na mwenyeji wao. Hatimaye walitengana, lakini Makeba alibaki Guinea, akaolewa huko na Bageot Bah, kisha akahamia Brussels baada ya Bongi kufariki mwaka 1985 kutokana na matatizo ya uzazi. Msiba huo, kwa haki, ungestahili nafasi kubwa kuliko talaka zote katika habari zinazoandikwa juu yake.

Kuhusu Masekela, talaka haikuvunja ushirikiano wao wa kazi: mwaka 1987 walipanda jukwaa moja katika ziara ya Graceland ya Paul Simon, miaka zaidi ya 20 baada ya ndoa yao kuvunjika.